Mwalimu wa Chumba cha Kufulia

Fenholme, Lincolnshire
15 Septemba 2024

Mjomba Cuthbert mpendwa,

Shikamoo, na pole na baridi ya huko kaskazini, najua imeshaanza kukutafuta. Sisi hatujambo. Mama alipasuliwa goti wiki mbili zilizopita na sasa anatembea na mkongojo mmoja. Ulimi wake haukuhitaji mkongojo hata siku moja, nadhani wauguzi walishusha pumzi aliporuhusiwa kutoka. Anakusalimu na anauliza kama liki zako, vile vitunguu vyako virefu vya bustanini, zimeshinda chochote kwenye maonyesho mwaka huu, au bado unaisingizia mvua.

Uliwahi kuniambia simu yako ni ya daktari na treni tu, mambo ya maana yaandikwe. Basi naandika.

Muhula huu tumepata mtoto mpya, Tamsin, miaka saba, kiziwi tangu kuzaliwa. Mama yake, Kerry, anafungasha kabichi kiwandani na anamlea peke yake. Kazi yangu unaijua: mtoto akihitaji msaada wa pekee hapa shuleni, mimi ndiye ninayejaza fomu, na fomu zikirudi na jibu la hapana, najaza nyingine. Tangu Mei, alipoandikishwa, tulimwombea Tamsin hati ya kisheria, ile inayoilazimisha halmashauri kumlipia mtoto msaada wake. Tukasubiri wiki kumi na sita. Jibu likaja kwamba shule yetu inaweza kumhudumia kwa vile ilivyo navyo.

Tulivyo navyo ni Bi Garbutt. Yeye ni mwalimu msaidizi, miaka hamsini na minane, na tangu Tamsin aje anajifundisha lugha ya ishara kwa kitabu cha maktaba. Mume wake huendesha trekta. Sasa hapewi chumvi mezani mpaka aiombe kwa mikono.

Shida ni kwamba Tamsin anang'ata. Ijumaa alimng'ata Bi Garbutt mkononi mpaka alama za meno zikabaki. Nikamwambia aende nyumbani akapumzike. "Nikapumzike kwa kipi?" akanijibu. "Mtoto ana neno anataka kulisema, mimi ndiye sijui kulisoma. Kaa pembeni, mama, nifanye kazi."

Mjomba, wewe uliye kiziwi kama yeye, ulijifunzaje kusoma? Nina miaka arobaini na moja, na kuhusu shule yako hujawahi kuniambia hata sentensi moja.

Mpwa wako,
Imogen


Amble, Northumberland
6 Oktoba 2024

Imogen,

Marahaba. Mwambie dada yangu liki zilikuwa za nne, na wa tatu alikuwa mwizi. Simaanishi kwamba aliiba. Namaanisha ana uso wa kuiba.

Mimi mzima. Mbwa mzima pia, ila ameanza kuzeeka na sasa tunagombania kiti kilichoko karibu na moto. Nimemaliza kabati la jirani yangu. Alitaka nilipake rangi nyeupe juu ya mbao za mwaloni. Nikajifanya sijaelewa midomo yake. Uziwi una faida zake.

Shuleni chakula kilitosha.

Mwambieni huyo Bi Garbutt asimfanye mtoto atazame midomo ya watu asubuhi nzima. Macho yanachoka kuliko miguu. Kila baada ya nusu saa ampe kazi ya mikono, kisha amrudishe. Na kila atakapong'ata, aandike siku, saa, na kilichokuwa kikitokea chumbani. Si kilichokuwa kikisemwa. Kilichokuwa kikionekana.

Mjomba wako,
Cuthbert


Fenholme
10 Novemba 2024

Mjomba mpendwa,

Shikamoo tena. Mama ameutupa mkongojo, sasa anatisha paka kwa fimbo. Barua yako Bi Garbutt ameibandika ndani ya mlango wa kabati lake na anafanya kila ulichosema.

Sasa niseme lililonifanya nikae kuandika. Halmashauri imetoa mpango mpya. Kuna kitengo cha viziwi kule mjini, watoto kumi na mmoja, na wengi wao husafirishwa kwa teksi saa moja na nusu kwenda, saa moja na nusu kurudi. Mpango unasema kitengo kifungwe, kila mtoto asome kwenye shule ya kijiji chake, na pesa za teksi na za jengo zigawiwe shule, zianze kutumika mtoto anapohitaji msaada, bila kusubiri hati. Fikiria, Mjomba: Tamsin angepata msaada Septemba badala ya kupata barua.

Wapo wazazi wanaopinga. Wanaogopa kwamba hati zikipungua, haki zao nazo zitapungua, na siwezi kuwalaumu, maana wameshachezewa sana. Mkutano wa hadhara ni tarehe ishirini na saba Februari, katika ukumbi wa shule yetu.

Nakuomba uje uzungumze. Nitatafuta mkalimani mzuri. Wewe uliondolewa kwenu ukiwa na miaka mitano ukapelekwa bweni la viziwi, mbali na mama na dada yako. Ukiwaeleza ilivyokuwa, hakuna atakayesimama tena kutetea kuwapeleka watoto mbali na kwao.

Nasubiri jibu lako,
Imogen


Fenholme
21 Desemba 2024

Mjomba,

Heri ya Krismasi. Soksi zilizomo kwenye kifurushi amezifuma Mama. Moja ni ndefu kuliko nyingine na anasema miguu yako pia iko hivyo.

Wiki sita sijapata neno lako. Mama ananiambia nimekuudhi ila hataki kuniambia kwa lipi. Anasema, "Muulize mwenyewe." Basi nakuuliza. Nimekuudhi?

Hata kama umenuna, hili nitakuambia kwa sababu ni kazi yako. Bi Garbutt ameligundua neno. Aliandika kila kitu kama ulivyosema, na akaona kwamba Tamsin hung'ata Ijumaa tu, mchana. Ijumaa mchana watoto huweka viti juu ya meza ili msafishaji apige deki. Tamsin alipokuwa akiona viti vinapanda mezani, alidhani shule imekwisha. Si kwa wiki ile, Mjomba. Imekwisha kabisa, haitakuwepo tena. Hakuna mtu aliyekuwa na lugha ya kumwambia kwamba Jumatatu tutavishusha.

Ijumaa ya wiki iliyopita Bi Garbutt alimwacha aondoke wa mwisho, apandishe kiti cha mwisho yeye mwenyewe, na Jumatatu akamwita mapema avishushe vyote. Jana Tamsin alipandisha viti na hakumng'ata mtu. Bi Garbutt alirudi ofisini kwangu, akakaa, akasema, "Miezi mitatu mtoto anazikwa kila Ijumaa na sisi tunamkataza kelele." Sijawahi kufanya kazi na mtu kama huyu mama.

Imogen


Amble
26 Januari 2025

Mpwa wangu Imogen,

Soksi zinatosha. Mbwa amekufa wiki ya kwanza ya mwaka, kwa amani, kwenye kile kiti. Usinipe pole, mama yako ameshanipa kurasa nne.

Ndiyo, uliniudhi. Uliandika hotuba yangu kabla ya kuniuliza ninajua nini. Nilikusudia kutojibu kabisa. Lakini uliponiandikia habari za viti juu ya meza, niliikunja barua, nikaenda nje, nikasimama kwenye liki zangu mpaka mvua ikanilowesha. Sasa nakueleza, mara moja tu.

Nilipokuwa na miaka mitano, mama, yaani bibi yako, alinivalisha koti jipya tukapanda treni. Nilidhani tunakwenda kutembea. Akaniingiza kwenye jengo kubwa, akanibusu, akaondoka. Hakuwa katili. Alilia mpaka ukosi wangu ukalowa. Ila hakuwa na njia ya kuniambia nitarudi lini, nami sikuwa na njia ya kuuliza. Nilielewa kwamba nimetolewa kwa watu wengine moja kwa moja.

Darasani mikono ilikatazwa kuongea. Tuliikalia. Mwalimu aliweka unyoya mbele ya mdomo wangu nami nilipaswa kuupuliza kwa herufi P. Nilipuliza unyoya mwaka mzima. Niliupuliza vizuri sana, wageni waliletwa kunitazama. Sikujua hata jina la kitu kile nilichokuwa nakipuliza.

Lakini chini, nyuma ya jiko, kulikuwa na chumba cha kufulia, na humo alikuwamo mwanamke aitwaye Agnes Pell. Kiziwi. Alikuwa mwanafunzi wa shule hiyohiyo, na alipomaliza walimpa kazi ya kufua, akabaki. Shuka kubwa halikunjwi vizuri na mtu mmoja, kwa hiyo aliruhusiwa kuchukua watoto wawili kila siku wamshikie ncha. Wakubwa waliona watoto wanafundishwa kazi. Kumbe mlango ukifungwa, Agnes anaongea.

Wiki yangu ya pili alinikuta siwezi kula. Akanichukua. Akabana vibanio kumi na viwili kwenye kamba ya nguo. Akanionyesha fungu la mashuka machafu ya wiki ile, akatoa kibanio kimoja, akaniwekea mkononi. Kisha akafanya treni kwa mikono yake. Kisha akageuza kola ya shati langu, akagusa kitambaa cha jina ambacho mama alikuwa amenishonea. Sikuelewa. Wiki iliyofuata mashuka yakaja tena, akatoa kibanio cha pili, akafanya treni, akagusa jina. Wiki ya tatu nikaelewa. Vibanio vikiisha, mama anakuja. Imogen, siku ile ndipo nilipojua kwamba kuna kesho.

Na uliuliza nilijifunzaje kusoma. Kwenye kola. Nguo za watoto wote zilikuwa na majina, na Agnes alinipangia kola za wenzangu: huyu, na jina lake; yule, na jina lake. Nilisoma majina sitini kabla mwalimu wa juu hajanifundisha kuandika langu.

Alifundisha hivyo miaka thelathini. Hakuna aliyemwita mwalimu. Alipostaafu walimpa birika.

Kwa hiyo ukitaka nije kuwaambia watu wako kwamba kupelekwa mbali ni kubaya, nitakuja niwaambie. Ni kubaya. Lakini ningebaki Amble, kwenye shule ya mtaani, mtoto kiziwi peke yake miongoni mwa watu wema, ningepata unyoya tu. Agnes nisingempata. Huyo Tamsin wako anampata wapi? Bi Garbutt ana moyo, namvulia kofia, lakini anajifunza kutoka kitabuni sambamba na mtoto mwenyewe.

Jibu hilo kwanza, halafu tuongee habari za treni.

Cuthbert


Fenholme
2 Februari 2025

Mjomba,

Niliisoma barua yako mara tatu, kisha nikampelekea Mama. Ameisoma amesimama. Anasema hakujua habari za vibanio. Alichokijua ni kwamba kila uliporudi nyumbani ulikuwa unakunja mashuka ya vitanda vyote bila kuambiwa, na walidhani umefundishwa nidhamu.

Kwetu Tamsin hampati Agnes. Na kuna jambo nimekuficha tangu Novemba. Halmashauri iliunda kamati ya walimu kuandika ule mpango, na kurasa zinazohusu watoto viziwi niliziandika mimi. Nilizipenda. Nilikuwa nikifikiria teksi, na hati, na mama aliyesimama getini saa moja asubuhi kumpandisha mtoto aliyelala. Mambo hayo yote ni ya kweli na bado nataka yabadilike. Ila kwenye kurasa tisa sikuandika neno kiziwi isipokuwa kwa kumtaja mtoto. Hakuna kiziwi mtu mzima hata mmoja. Nina mjomba kama wewe, na sikukumbuka.

Njoo useme unachotaka. Usinionee haya.

Imogen


Amble
9 Februari 2025

Imogen,

Sikuonei haya. Umekiri kwa sentensi tatu. Nawajua wakuu waliostaafu bila kufikisha hata moja. Kurasa zako nane kati ya tisa huenda ni nzuri. Tutatengeneza ya tisa.

Siku ya mkutano nitafika kwa treni ya saa nne asubuhi. Mwambie mama yako asipike kabichi.

Cuthbert


Fenholme
18 Mei 2025

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Mama anatembea mpaka dukani na kurudi, na amejiandikisha darasa la ishara la jioni. Anasema ni aibu kumjua ndugu yako miaka sabini kwa kunyoosha vidole. Mwalimu anamlalamikia kwamba anaongea kwa mikono kwa kasi kabla ya kujua maneno.

Uamuzi umetoka. Lakini kwanza nikueleze yaliyotokea mkutanoni ambayo hukuyaona, kwa sababu ulikuwa umeyapa mgongo, au ulikuwa umeshakwenda kuwahi treni.

Ulipopanda mbele na kuuliza kwa ishara, "Kwenye mpango wenu, Agnes yuko wapi?" na mkalimani akalisema swali kwa sauti, Bwana Lomax wa halmashauri alianza kupekua makaratasi yake. Alipekua kweli. Akamnong'oneza katibu, "Agnes nani? Tuna mtumishi wa jina hilo?" Watu wa safu ya mbele walimsikia, wakaanza kucheka. Halafu ukaanza kueleza, na kicheko kikafa chenyewe. Ulipofika kwenye vibanio, mkalimani alianza kufuta machozi akaacha kutafsiri. Wewe uliendelea, mikono yako haikusimama, na sisi tukabaki tunakutazama bila sauti yoyote. Nilitaka kusimama nimsaidie, nikaacha. Ukumbi mzima uliitazama mikono mpaka yule binti mkalimani akaanza kutafsiri tena.

Ulipokaa, Kerry alisimama. Alikuwa bado na buti za kiwandani. Alisema, "Mnabishana mtoto akae mjini au kijijini. Mimi nafungasha kabichi, sera sizijui. Ninachotaka ni mtoto wangu anitukane kwa lugha ninayoielewa. Hapa kijijini kila mtoto wa miaka saba anamtukana mama yake. Wangu alikuwa anang'ata watu."

Watu wakacheka, Bwana Lomax naye akacheka, kisha akamwuliza, "Sasa mama, unataka tufanye nini?"

"Muulize huyo mzee," Kerry akasema. "Mimi nimemwona leo tu, na tayari mwanangu amenifundisha ishara mbili alizompa."

Ulipoondoka kwenda kituoni, tulibaki mpaka saa tatu usiku. Yule mama aliyekuwa akipinga kila kitu, mwenye mtoto kwenye kitengo, alinifuata mlangoni. Nilijiandaa kupigwa. Akasema, "Kama wangu atakutana na wenzake na mtu kama yule, hata kwa siku mbili za wiki, na hati yake msiiguse, niko nanyi." Nilimwomba anisaidie kuandika upya ukurasa wa tisa. Tuliuandika jikoni kwake Jumamosi tatu mfululizo, na Bi Garbutt akija na keki na masahihisho.

Sasa uamuzi. Kitengo hakifungwi. Kitakuwa mahali pa kukutania: kila mtoto kiziwi wa eneo letu, wa mjini na wa vijijini, atakwenda siku mbili kwa wiki kuwa na wenzake, na siku tatu atasoma kwao. Msaada unaanza mara moja, wenye hati wanabaki nazo, na anayehitaji kuomba ataomba. Wazazi watafundishwa ishara bure. Na kila kundi la watoto litakuwa na mtu mzima kiziwi, aliyeajiriwa kufundisha lugha, kwa cheo cha mwalimu. Bwana Lomax mwenyewe ndiye aliyeng'ang'ania neno hilo la cheo. Alisema, "Birika hatutoi tena."

Hatukupata yote. Mwalimu mtaalamu wa viziwi bado ni mmoja kwa eneo zima, na baada ya miaka miwili watapima upya kama waendelee. Nimeshaanza kuogopa miaka miwili hiyo. Lakini Septemba Tamsin atakuwa na wenzake kumi na wanne.

Halmashauri imeniomba nikuulize kama ungependa wewe nafasi ile ya mtu mzima kiziwi. Na swali langu mwenyewe: siku ile ulifika umebeba karatasi ya hotuba tuliyoipitia pamoja, na haikuwa na swali la Agnes mwanzoni. Ulianza na mambo ya treni. Ulibadilisha lini?

Mpwa wako anayejivunia,
Imogen


Amble
8 Juni 2025

Mpwa wangu,

Marahaba. Nimepata mtoto wa mbwa, jike, hana adabu kabisa. Dada yangu ameniandikia barua nzima kuhusu makosa ya mwalimu wake wa ishara. Maskini yule mwalimu.

Nafasi siitaki. Nina miaka sabini na minne na sitaki kuamka mapema kwa ajili ya mtu yeyote. Mpeni kijana, mwanamke ikiwezekana, mwenye mchumba, mwenye gari, mwenye kulalamikia kodi ya nyumba. Watoto wamwone akiishi. Nitakuja mara moja kila muhula kuwafundisha kutengeneza viti, na chakula changu nitakuja nacho.

Mwambie Bwana Lomax nimeikunja barua yako mahali aliposema lile la birika, nikaionyesha watu wawili kwenye klabu yetu ya viziwi. Mmoja wao alikunja mashuka na mimi. Ameniomba nakala.

Sasa kuhusu hotuba. Siku ile sikukuambia, nakuambia sasa.

Wewe ulikuwa ukumbini unapanga viti. Bi Garbutt alinichukua kwenda kumwona Tamsin darasani. Alikuwa anachora. Bi Garbutt akanisalimu kwa ishara, taratibu, pamoja na makosa yake mazuri, nami nikamjibu. Mtoto akainua kichwa. Akaitazama mikono yangu, kisha masikio yangu, upande huu na upande ule. Akaacha penseli.

Akaniuliza, "Wewe kiziwi?"

Nikamwambia, "Ndiyo."

"Hujapona?"

"Sijaumwa," nikamwambia. "Mimi kiziwi tu."

Akafikiri. Akapanda kwenye kiti, akagusa nywele zangu, zile chache nyeupe zilizobaki juu ya sikio. Akauliza, "Mzee?"

"Mzee sana."

Imogen, mtoto yule alikuwa hajawahi kumwona kiziwi mtu mzima. Tangu azaliwe hajamwona hata mmoja. Watu wazima wote aliowajua wanasikia. Kwa hiyo alikuwa amejipigia hesabu mwenyewe, kwa akili yake nzuri ya miaka saba, bila mtu wa kumuuliza. Akanitazama usoni, akaniuliza kwa ishara tatu, wazi kabisa:

"Kwa hiyo mimi sifi?"

Bi Garbutt alielewa. Aligeukia dirishani.

Nilimwambia hafi akiwa mtoto. Nilimwambia atakuwa mrefu, atafanya kazi, atagombana na watu, magoti yatamuuma, na atakuwa na miaka mingi kama mimi. Akanifanya nirudie. Nikarudia. Alipotosheka alishuka kwenye kiti, akaenda dirishani, akamvuta Bi Garbutt sketi mpaka akageuka, akasubiri mpaka macho yao yakutane vizuri. Kisha akampa habari, polepole, ili naye aelewe:

"Mimi nitakuwa bibi kizee."

Mjomba wako,
Cuthbert